Kitenzi "get" kinapokuangusha: dalili, chanzo na tiba

Simu ilikuwa inakatakata. Upande wa pili alikuwepo mtu aliyezaliwa na Kiingereza chake, ananieleza namna ya kujaza fomu fulani, na mimi nasikia neno moja nakosa matatu. Nikamwambia, "I'm not getting you." Akanyamaza kidogo. Kisha akaanza upya, polepole, kwa maneno mepesi mepesi, kama anayemfundisha mtoto wa darasa la pili. Sauti bado inakatika vilevile. Mimi nilitaka apaze sauti au asogee penye mtandao. Yeye alichosikia ni kwamba sielewi anachosema.

Kisarufi sentensi yangu ilinyooka. Nilichofanya ni kuichukua "sikupati" na kuihamisha kama ilivyo, kwa sababu nilifundishwa kwamba "get" ni kupata, basi. Wengi wanaosumbuliwa na kitenzi hiki ugonjwa wao umeanzia hapohapo, ingawa dalili zinatofautiana sana kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo soma dalili kwanza, utafute yako. Zingine ruka.

Ila kabla ya kuanza kutafuta, jipime kwa sentensi hii:

"She got a letter, got angry, got home late and got fired the next day."

Yaani alipata barua, akakasirika, akachelewa kufika nyumbani, na kesho yake akafukuzwa kazi. "Got" nne, "pata" moja, na hata hiyo moja ungeweza kusema "alipokea". Kilichobadilika ni kile kinachokaa mkono wa kulia wa "got". Kikifuata kitu, ni kupata, kupokea, kununua au kwenda kuchukua. Ikifuata hali, ni kuingia katika hali hiyo. Pakifuata mahali, ni kufika. Kikifuata kitenzi chenye umbo kama "fired", "paid" au "broken", ni kutendwa. Kwa hiyo usiitafsiri "get" mpaka umwone jirani yake wa kulia. Makosa mengi yaliyomo humu ni ya mtu aliyetafsiri kabla ya kumwangalia jirani.

Dalili: unasema "I was angry" unapotaka kusema ulikasirika

Hii naiweka ya kwanza kwa sababu haionekani kama kosa. Hakuna mwalimu atakayeipiga mstari mwekundu. Lakini msimulizi anaposema "I told him the news and he was angry", msikilizaji anabaki na shaka: alikuwa tayari ana hasira zake, au habari ndiyo iliyomkasirisha? "He got angry" inaondoa shaka.

Chanzo chake kiko kwenye utajiri wa Kiswahili. Sisi tuna vitenzi vilivyobeba hali ndani yake: kuchoka, kukasirika, kulewa, kunenepa, kuzeeka, kupoa, kuiva, kulowa. Kiingereza mara nyingi hakina kitenzi kimoja cha namna hiyo. Kina kivumishi, "tired", "angry", "drunk", na kivumishi hakiwezi kusimama peke yake. Kinahitaji kitenzi cha kukibeba, na hapo unachagua kati ya "be" na "get". Mtu aliyezoea "nimechoka" kuwa "I'm tired" huishia kubebesha kila kitu "be".

Tiba tunayo sisi wenyewe, ndani ya viambishi vya wakati, na nashangaa haifundishwi zaidi. Tazama kitenzi kimoja:

Amechoka: "She's tired."
Anachoka upesi: "She gets tired quickly."
Alichoka: "She got tired."
Atachoka: "She'll get tired."
Alikuwa amechoka: "She was tired."

Umeona mgawanyo? Palipo na -me-, hali imeshaingia na inaendelea, basi ni "be". Palipo na -na-, -li- au -ta- peke yake, unazungumzia kuingia katika hali, basi ni "get". Ukizoea kujiuliza "kwa Kiswahili ningeweka -me- hapa?", sehemu kubwa ya tatizo inaisha siku hiyohiyo. Kipimo kinakubali kwa kulewa ("he's drunk", "he gets drunk every weekend"), kwa kulowa ("we're wet", "we got wet"), kwa kupotea njia ("we're lost", "we got lost").

Kwa ndoa kinafaa kuliko kwingine kote. Ameolewa ni "she's married". Anaolewa kesho ni "she's getting married tomorrow". Aliolewa mwaka 2019 ni "she got married in 2019". Ukisema "she was married in 2019", mtu anaweza kuelewa kwamba mwaka huo alikuwa na mume, na sasa hatujui. Tena angalia kineno kinachofuata: ni "married to", wala si "with" kwa sababu ya "kuoana na", na zaidi ya yote si "by". Sisi tunasema ameolewa na fulani, na hiyo "na" ya mtendaji tunaigeuza kuwa "by". "She was married by my uncle" kwa Mwingereza ni kwamba mjomba wako ndiye aliyefungisha ndoa.

Na -zidi je? Inazidi kuwa ngumu, inazidi kupoa, giza linazidi. Hapo ni "getting" na kivumishi cha kulinganisha: "it's getting harder", "it's getting colder", "it's getting darker". Mimi kwa miaka nilikuwa nasema "it is becoming more harder", ulinganisho mara mbili kwa bei ya mmoja.

Onyo moja kabla ya kuhama. "Get" ya kugeuka inakubali kivumishi. Haikubali jina la kazi wala cheo. "My brother got a doctor" haimaanishi ndugu yako amekuwa daktari. Maana yake amepata daktari wa kumtibu. Kikija kitu baada ya "get", kitu hicho kinapatikana, huwi wewe. Ndugu yako "became a doctor". Pia kuna hali chache ambazo Kiingereza kimezikabidhi kwa vitenzi vingine: chakula kinachoharibika "goes bad", mtu anayepofuka "goes blind", majani yanayogeuka manjano "turn yellow". Hizo ni za kukariri tu.

Dalili: "I got an accident", "She got a baby"

Hapa mambo ni kinyume. Juu "get" ilikosekana; hapa imejaa pasipotakiwa.

Kiswahili kinapata kila kitu. Tunapata ajali, tunapata mtoto, tunapata tabu, tunapata hasara, tunapata ahueni, tunapata wakati mgumu. Kiingereza kimegawa urithi huo kwa vitenzi kadhaa, na matukio mengi yanayomfika mtu kimeyapa "have". "I had an accident." "She had a baby." "We had a hard time." Nimepata hasara ni "I made a loss". Nimepata tatizo ni "I've run into a problem". Ukisema "she got a baby", utaeleweka, ila sentensi inasikika kana kwamba mtoto alichukuliwa mahali, kama mtu aliyekwenda kuchukua paka.

Sasa, usiifute "get" kila mahali kwa hasira. Magonjwa inayakubali: "I got malaria", "I got a headache". Mshtuko pia, "I got a shock". Kazi, zawadi, matokeo, ruhusa, visa, barua, alama za mtihani, vyote ni vya "get" bila wasiwasi. Sijawahi kuona kanuni inayotenganisha ajali na malaria kwa uaminifu, na nimeacha kuitafuta. Niliandika orodha ya zile za "have" kwenye karatasi: ajali, mtoto, wakati mgumu, wakati mzuri, ugomvi, mazungumzo. Baada ya wiki chache karatasi haikuhitajika tena.

Kuna "pata" nyingine inayofanana na "get" mpaka inatia hofu. "Nilipata kumwona" ni "I got to see him", karibu neno kwa neno: nafasi ilitokea, nikaitumia. Nzuri sana. Lakini usiipeleke kwenye ukanushi. "Sijapata kuona jambo kama hili" ni "I have never seen anything like this". Ukisema "I haven't got to see it", mtu ataelewa kwamba ulitaka kwenda kukitazama na nafasi bado haijapatikana. Atakupa pole badala ya kushangaa pamoja nawe.

Dalili: kwenye simu watu wanakujibu visivyo

Turudi kwenye simu yangu. Kwa Kiswahili, kupata kwenye simu kuna maana tatu zinazopishana: kumfikia mtu, kumsikia, na kumwelewa. Muktadha unatosha kuzitenganisha, kwa hiyo hatuhangaiki. Kiingereza kimezitenganisha kwa maneno, na "get" tupu yenye mtu nyuma yake kimeiachia maana ya tatu, kuelewa.

Simu haipiti, au inapita haipokelewi: "I can't get through to him." Umemtafuta siku nzima kwa njia zote hukumpata: "I couldn't get hold of him." Sauti inakatika: "You're breaking up." Neno moja limekupita: "Sorry, I didn't get that", au "I didn't catch that". Huelewi kabisa maana yake: "I don't get it." Tofauti ya mbili za mwisho ni ndogo kwa herufi, kubwa kwa heshima. Ya kwanza inailaumu simu au sikio. Ya pili inaulaumu ubongo, wako au wake.

Nilimpata nyumbani, yaani nilimkuta, ni "I found him at home". "I got him at home" ina harufu ya polisi.

"Nimekupata" ya vijana, kwa maana ya nimekuelewa, ndiyo inayolingana vizuri: "Got it", "I get you", na kwa Wamarekani "I got you". Ila hiyo ya mwisho kwao ina maana ya ziada. Mtu akisahau pochi na mwenzake akasema "don't worry, I got you", anamaanisha usijali, nitakulipia. Ukidhani anasema amekuelewa, mtakaa mkitazamana mbele ya mhudumu.

Dalili: "I was stolen my phone"

Mtu anayekwambia "I was stolen" anakwambia, kwa Kiingereza alichokitamka, kwamba yeye mwenyewe aliibwa. Aliwekwa kwenye gunia akabebwa.

Kosa linatokana na kitu kizuri cha sarufi yetu. Kuibia kuna mtu aliyeibiwa na kitu kilichoibwa, na katika kauli ya kutendwa yule mtu anaruhusiwa kuwa kiima: nimeibiwa simu. Kitenzi "steal" hakimpi mtu nafasi hiyo. Anayeweza kuwa kiima ni simu pekee. "My phone was stolen." "My phone got stolen." Ukitaka wewe mwenyewe ubaki mbele ya sentensi, kuna njia: "I had my phone stolen." Watu husema pia "I got my phone stolen", lakini mara nyingi inaacha harufu ya uzembe, kwamba uliiacha mezani ukaenda zako. Mimi naiepuka.

Ugonjwa huuhuu unawapata wanaosema "I was broken my leg" (nimevunjwa mguu) na "I was died my father" (nimefiwa na baba). Ya kwanza ni "my leg got broken", au "I broke my leg", ambayo kwao haimaanishi ulijivunja makusudi. Ya pili haina "get" wala kutendwa: "my father died", basi. Kufiwa ni neno ambalo Kiingereza cha kila siku hakina, na wanalikosa.

Lini "got", lini "was"? "Got" inapenda matukio yanayomfika mtu ghafla, hasa mabaya, na mara nyingine mazuri: "got hurt", "got caught", "got fired", "got paid", "got promoted". Haipendi mambo ya kupangwa taratibu. "The bridge got built in 1990" si kosa la kukufelisha, lakini inasikika vibaya. Daraja "was built". Haikubali kabisa hali za moyoni na za kujulikana: mtu "is known", "is loved", haiwi "gets known" kwa maana hiyo. Na kwenye ripoti ya polisi, ya bima au ya ofisini, weka "was" tu.

Angalia pia swali na ukanushi, kwa sababu hapa wengi huteleza mara ya pili baada ya kupona mara ya kwanza. "Was" inajitegemea: "Was it stolen?" "Got" haijitegemei, inaomba msaada wa "did", na ikisaidiwa inarudi kuwa "get": "Did it get stolen?" "It didn't get stolen." Hakuna "Got it stolen?"

Dalili: unasifiwa kwa kazi aliyoifanya fundi

"I repaired my car yesterday," unasema, na mwenzako anakuuliza ulitumia spana namba ngapi. Wewe ulikaa kwenye benchi ukinywa soda.

Kwa Kiswahili ukisema "jana nilitengeneza gari", hakuna anayekudhania fundi. Kiingereza kinachukulia maneno kama yalivyo: aliyetajwa ndiye aliyeshika spana. Ukitaka kusema ulifanyiwa, mpangilio ni "get", kisha kitu, kisha kitenzi cha kutendwa: "I got my car repaired." "I got my hair cut." "I need to get my passport renewed." "Have" inafanya kazi hiyohiyo kwa adabu kidogo zaidi: "I had my car repaired."

Mpangilio ukivurugika, maana inahama. "I had my car repaired" ni fundi. "I had repaired my car" ni wewe, tena zamani kabla ya jambo lingine. "I got repaired my car" si kitu. Kitu kikae katikati, na kitenzi kimfuate nyuma.

Akiingia mtu badala ya kitu, kunazuka "to", na hii "to" ndiyo inayosahaulika. "I got him to help me." Sikiliza tofauti na jirani zake: "I made him help me", bila "to", nilimlazimisha, "I had him help me", nilimwagiza, pengine ni mfanyakazi wangu, "I got him to help me", nilimbembeleza mpaka akakubali. Kiambishi chetu cha -ish- na -esh- hakisemi kama ulilazimisha au ulibembeleza, ndiyo maana tunaokota yoyote iliyo karibu. Meneja akisoma "I made the client sign" atataka kujua ulimshikia nini mteja.

Dalili: unaelewa maandishi, husikii maneno

Unamsoma Mmarekani vizuri, ila akizungumza "get" inayeyuka. Sikio lako ni zima. Wamarekani "t" inapokuwa katikati ya irabu mbili huigonga kwa ncha ya ulimi mara moja, na kugonga huko kwa sikio la Mswahili ni "r" kabisa, ile ya "kura" na "hari". "Get up" inakuwa "gerap". "Get it" inakuwa "gerit". "Get out of here" inakuja kama neno moja, "gerauravhia". Ukishajua kwamba unatafuta "r", utaanza kuzisikia kila kona. Kwa watu wengi wa London hali ni nyingine: "t" inamezwa kooni na kuacha kimya kifupi, "ge'ap".

Ngumu zaidi ni tatu hizi, ambazo kwa mwendo wa kasi zinakaribiana sana. "I've got to go", ambayo mdomoni huwa "I gotta go": inabidi niende. "I get to go": nimepata bahati ya kwenda. "I got to go": nilipata nafasi, nikaenda. Mtu akikwambia "I get to work from home", anafurahi. Akikwambia "I've gotta work from home", huenda ana mgonjwa wa kumwangalia. Ukimpa pongezi wa pili na pole wa kwanza umeharibu mazungumzo. Sikiliza irabu: "gotta" ina "o", "get to" ina "e".

Kuna na "get" ya kujitolea, fupi mno. Simu inalia, mtu anasema "I'll get it": nitapokea mimi. Mlango unagongwa, "can you get the door?": kafungue. Hakuna anayeupata mlango. Na "can you get me some water?" si swali la kama maji yanapatikana. Anaomba umletee.

"Get well soon" ni ugua pole. "Get lost", ikiwa amri, si kumtakia mtu apotee njia. Ni toka mbele yangu, na inauma.

Dalili: "I got to home", "I entered the bus"

Hii ni fupi. Mahali huomba "to": "get to school", "get to the office". "Home", "here" na "there" hazitaki, kwa sababu zenyewe zimeshabeba maana ya mahali, kama -ni yetu ya nyumbani. Husemi "kwa nyumbanini".

Kupanda na kushuka: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni "get on" na "get off", kama basi, treni, ndege, meli. Gari dogo na teksi, ambamo unajikunja kuingia, ni "get in" na "get out of". Baiskeli, pikipiki na farasi, unavyovikalia juu, ni "on" na "off" pia.

Dalili: mmoja anasahihisha "gotten", mwingine anasahihisha "got"

Wote wawili wako sawa, kila mmoja kwao. Uingereza: "get, got, got". Marekani: "get, got, gotten". Wengi wanaamini "gotten" ni uchafu uliozuliwa Marekani majuzi. Ni kinyume. Kitenzi chenyewe kiliingia Kiingereza kutoka lugha ya Waskandinavia wa kale, "geta", yapata mwaka 1200, na "gotten" ni umbo la zamani ambalo Waingereza waliliacha na Wamarekani wakabaki nalo. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mwanzo 4:1, Hawa akishamzaa Kaini anasema "I have gotten a man", pale ambapo ya Kiswahili inasema "nimepata mtoto mwanamume". Kumbe yule aliyesema "she got a baby" alichelewa miaka mia nne tu. Waingereza wenyewe hawakuitupa yote. Wanasema "forgotten" kila siku, na "forget" ni jamaa wa "get" wa damu.

Wamarekani wanaitumia tofauti hiyo kwa faida. "I've got a ticket": ninayo. "I've gotten a ticket": nimeipata. Chagua upande mmoja ukae nao, hasa kwenye mtihani.

Tatizo halisi hapa ni mchanganyiko wa "have got" na "do". "Do you have a pen?" ni sahihi. "Have you got a pen?" ni sahihi. "Do you have got a pen?" ni watoto wa mama wawili ndani ya shati moja. Na "have got" ya umiliki haipendi kurudi nyuma: sasa ni "I've got a car", zamani ni "I had a car".

Dalili: mwalimu anakata kila "get" kwenye insha

Hakatai sarufi, anakataa vazi. "Get" ni neno la mazungumzo, na ikirudiwa mara sita kwenye barua ya kuomba kazi inafanya barua isikike kama ujumbe wa simu. Hapo ndipo maana zile za mwanzo zinapokulipa, kwa sababu kila jirani wa kulia ana mbadala wake rasmi. Kitu: "receive" au "obtain". Hali: "become". Mahali: "arrive at" au "reach". Kutendwa: "was".

Nina barua yangu ya zamani yenye sentensi hii: "I got your letter when I got to the office and I got worried because my form had got lost." Niliisahihisha hivi: "I received your letter on arriving at the office and became concerned that my form had been lost." Zote mbili zinaeleweka. Ya kwanza ningempigia rafiki na kumwambia kwa simu, kama mtandao ungekuwa mzuri.